Usimpe Mgeni Kitabu Hiki Kwanza

Kosa lilikuwa langu. Mwishoni mwa 2021 ndugu yangu mdogo alimaliza kutazama msimu wa kwanza wa The Wheel of Time, akaja kwangu kuomba vitabu. Alikuwa na miaka 17 na sikumbuki kama aliwahi kuniomba kitabu kabla ya siku hiyo. Nilijua nikimpa The Eye of the World, lile tofali la kurasa zaidi ya 600, litaishia kuzuia mlango usijifunge. Nikaenda mjini kwa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mtumba kando ya barabara, nikainama, nikachokora, nikaibuka na New Spring. Kurasa 300 na ushei. Jalada limekunjika, ndani safi, shilingi 200. Nikajiambia dawa ndiyo hii. Kisa kinatokea miaka 20 hivi kabla ya kitabu cha kwanza, ni kifupi, na mhusika wake mkuu ni Moiraine, yule yule aliyemfanya dogo asahau kula akiwa mbele ya skrini. Mtu aanzie mwanzo wa mambo, si ndiyo akili?

Alikimaliza kwa siku tatu. Nikajipongeza. Kisha akaanza The Eye of the World, na jioni moja akanifuata jikoni akiwa ameshika kitabu kwa kidole katikati.

"Sista, mbona hawa watu wa kijiji wanamshuku Moiraine hivi? Si ni mtu poa?"

Nilibaki na mwiko mkononi. Hapo ndipo nilijua nimemfanyia nini. Mimi nilipokutana na Moiraine mara ya kwanza, sikujua kama ni malaika au mchawi. Anaingia kijijini na nguo zake za hariri, na mlinzi asiyecheka nyuma yake, anagawa sarafu kwa vijana watatu, na usiku huohuo kijiji kinavamiwa. Unamfuata kwa sababu huna njia nyingine, lakini roho haitulii. Huo wasiwasi ndio injini ya kitabu cha kwanza. Ndugu yangu aliingia safarini akiwa tayari amemjua Moiraine akiwa msichana, amemwona akitetemeka kwa baridi, akicheka na rafiki yake, akilia. Hakukuwa na kitu cha kuogopa tena. Nilikuwa nimemnyang'anya.

Wasomaji wa Robert Jordan wamegombana juu ya kitabu hiki tangu kilipotoka Januari 2004, na kabla sijatoa maoni yangu, wacha niwape haki yao. Malalamiko yao ni ya aina tatu, na hakuna hata moja la kupuuzwa.

La kwanza ni la wale waliokuwa wakisubiri. Ebu jiweke mahali pao. Mfululizo ulianza 1990. Kitabu cha kumi, Crossroads of Twilight, kilitoka Januari 2003, na mpaka leo ndicho kinachotajwa kila watu wanapozungumzia jinsi hadithi inavyoweza kutembea kurasa mia kadhaa bila kufika popote. Wahusika wanakunywa chai, wanarekebisha sketi, wanatafakari jambo kubwa lililotokea kitabu kilichopita. Wasomaji wakavumilia, wakasema sawa, cha kumi na moja kitalipa deni. Mwaka mmodi baadaye mwandishi anawaletea kitabu cha mambo yaliyotokea kabla ya yote. Ni kama kusubiri matatu ya kwenda nyumbani, inafika, halafu kondakta anakwambia inarudi stage ilikotoka. Cha kumi na moja, Knife of Dreams, hakikufika mpaka Oktoba 2005. Hasira ile naielewa kabisa, ila ilikuwa hasira ya ratiba. Sisi tuliosoma baadaye, vitabu vyote vikiwa vimeshachapishwa, hatuna sababu ya kuirithi.

La pili ni kwamba kitabu kinajibu maswali ambayo hayakuhitaji jibu. Moiraine na Lan walikutanaje? Kwa nini yeye na Siuan Sanche, binti wa mvuvi, ni kama chanda na pete? Wanaosema hivi wanaamini mhusika ni kama jikoni ya hoteli: ukishaona nyuma, chakula hakina ladha tena. Yaliyonikuta na ndugu yangu yanawaunga mkono, angalau nusu.

La tatu ndilo zito kwangu, kwa sababu linahusu kazi yenyewe. Wanasema kitabu hiki ni vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja, na mshono unaonekana. Ni kweli. Mwaka 1998 Jordan alichapisha hadithi ya wastani yenye jina hilohilo katika mkusanyiko uitwao Legends, uliohaririwa na Robert Silverberg. Hadithi hiyo ilikuwa inahusu Moiraine na Lan huko kaskazini, Kandor. Kuifanya riwaya, Jordan aliongeza mbele yake sehemu ndefu ya maisha ya Moiraine na Siuan ndani ya Mnara Mweupe. Kwa hivyo unasoma nusu ya kwanza kwa mwendo mmoja, halafu ghafla ni kama umehama nyumba. Siuan, ambaye umemzoea kuliko mtu yeyote, anaachwa mnarani kufanya kazi ya ofisi ya majasusi wa Ajah ya Buluu, na wewe unabebwa na Moiraine barabarani.

Hiyo nusu ya pili ina shida zake. Cadsuane anatokea, na ukiwa umesoma mfululizo mzima unatabasamu. Kama hujausoma, unashangaa huyu mama ni nani na mbona anachukua nafasi yote. Mkutano wa Moiraine na Lan umefanywa kichekesho: anamnyemelea usiku kambini, Lan anamrusha kwenye kidimbwi, na siku zinazofuata binti wa ukoo wa kifalme anamlipizia kisasi kwa vijitabia vya mtoto wa bweni. Wengine wanapenda. Mimi nilisoma nikihisi kama nimealikwa harusi ambapo emsii hajui kunyamaza. Kuna pia Edeyn, mwanamke anayemshika Lan kwa mila ya nchi yake na kutaka kumtumia kama bendera ya vita. Mambo anayofanyiwa Lan pale, tukibadilisha jinsia zao, hakuna mtu angeyaita mapenzi. Jordan anayaona, lakini anapita juu yake haraka mno. Na mwisho unafika kama stima iliyopotea: vifo vitatu vinne ndani ya kurasa chache, usaliti wa mtu wa karibu, halafu Moiraine anamwomba Lan awe mlinzi wake, basi, taa zimezimwa.

Sasa baada ya kukubali hayo yote, mbona bado nasema hiki ni miongoni mwa vitabu vizuri vya Jordan?

Kwa sababu ya nusu ya kwanza. Na hapo naomba mnivumilie nieleze kinachotokea, maana wengi wanaokisifu wanasema tu "ni kifupi" na "kinasonga", kana kwamba sifa ya kitabu ni kuisha.

Ni majira ya baridi, vita vimefika kwenye kuta za Tar Valon. Waaiel wamevuka jangwa na milima kumwinda mfalme Laman wa Cairhien kwa sababu alikata mti waliompa watu wake kama zawadi. Laman ni mjomba wa Moiraine. Kumbuka hilo: maelfu wanakufa nje kwa ajili ya ujinga wa mtu wa familia yake, na yeye yuko ndani anamhudumia mkuu wa mnara, Tamra Ospenya. Usiku huo yeye na Siuan wako chumbani wakati mtunza kumbukumbu wa Tamra, mama mtu mzima aitwaye Gitara Moroso, anasimama ghafla, anapiga kelele kwamba Joka amezaliwa upya kwenye miteremko ya mlima ulio mbele yao, kisha anaanguka na kufa. Mtoto wa kuokoa dunia au kuivunja amezaliwa muda huohuo, mahali fulani kwenye theluji, kati ya kambi za majeshi. Wanaojua ni watatu: mkuu wa mnara na wasichana wawili ambao bado hawajafuzu.

Mwandishi mwingine angewapandisha farasi wakimbie kumtafuta. Jordan anawapa kalamu. Tamra anatangaza kwamba mnara utatoa zawadi ya dhahabu kwa kila mwanamke aliyejifungua karibu na jiji vita vikiendelea, na wanafunzi wanatumwa kambini kuandika majina. Wenzao wanafikiri ni sadaka ya kusherehekea jiji kunusurika. Moiraine na Siuan pekee ndio wanajua kwamba mojawapo ya majina hayo linatafutwa. Kwa siri, wanaanza kuweka orodha yao wenyewe.

Agosti 2019 nilikuwa karani wa sensa. Nilipewa kishikwambi, reflekta, na mtaa wa nyumba za ghorofa ambapo ngazi hazina taa. Kazi ilianza usiku. Unabisha mlango, unajitambulisha, unauliza: nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo, ana miaka mingapi, alizaliwa wapi. Kuna mama mmoja, mtoto wake alikuwa na siku chache tu, bado hajapewa jina rasmi. Aliniambia jina la nyumbani, akasimama mlangoni akiniangalia nikiandika, akauliza, "Na haya majina mnapeleka wapi?" Nilimjibu nilivyofundishwa. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu ambaye ameshaamua hataamini lakini hana nguvu ya kubishana saa nne usiku.

Niliposoma sura zile za New Spring kwa mara ya pili, baada ya sensa, nilimwona mama yule. Mara ya kwanza, nikiwa chuo, nilikuwa nimeziruka ruka nikitafuta mapigano. Mara ya pili sikuruka hata mstari. Jordan anajua kwamba orodha ya majina si karatasi tu. Iko mkononi mwa mtu, na inategemea mtu huyo anataka nini. Orodha ya Tamra ilianzishwa kwa nia njema. Lakini Tamra anakufa, wale aliowatuma kwa siri wanakufa mmoja mmoja, na watu wengine, ndani ya mnara uleule, wanaanza kuwinda wanaume na wavulana wanaoonekana kuwa na bahati isiyo ya kawaida. Kalamu ile iliyomtafuta mtoto ili kumlinda haiko mbali na kisu.

Na wasichana wawili hawawezi kumwambia mtu yeyote. Hapo ndipo kitabu kinashika moyo. Wanajiandaa kwa mtihani wa kupata shali, mtihani wa kufanya mambo 100 kwa mpangilio huku ukisumbuliwa, ukiumizwa, na uso usionyeshe chochote. Wanafanyishana mazoezi usiku, na Elaida anawasaidia kwa ukali ambao huwezi kujua kama ni upendo au chuki. Unaposoma unafikiri ni ile hadithi ya shule tunayoijua: mtihani, wenzako, mwalimu mnoko. Halafu unatambua kwamba Jordan anakuonyesha jinsi yule Moiraine wa kitabu cha kwanza alivyotengenezwa. Ule uso mtulivu ambao wanakijiji waliuogopa ulifundishwa. Alifundishwa kuficha maumivu mpaka ikawa ndiyo sura yake.

Wenye malalamiko ya pili wanasema kujua chanzo kunaua fumbo. Mimi nadhani fumbo la Moiraine halikuwa "ametoka wapi". Fumbo lilikuwa "anawaza nini", na hilo kitabu hiki hakilimalizi. Kinakuongezea tu uzito wa kuliuliza.

Tena sisi watu wa pwani na bara hatupaswi kuogopa sana kujua mwisho. Waliokaa kusikiliza kisa cha Fumo Liyongo walijua tangu mwanzo kwamba atauawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhamadi Kijumwa alipouandika utendi wake 1913, hakuna aliyehitaji kufichwa. Walisikiliza ili wajue ilifikaje huko: nani alimrubuni mwana, mwana alisitaje, Liyongo alifanya nini alipochomwa. Riwaya tangulizi inatuomba usikivu wa namna hiyo. Unajua Moiraine atampata mtoto. Unajua itamchukua miaka 20. Unachosoma ni msichana ambaye hajui hilo, anayedhani labda ni wiki chache tu na orodha itaisha.

Lakini, na hili ndilo ndugu yangu alinifundisha, Liyongo alikuwa tayari ni wao. Walishamjua utukufu wake ndipo wakavumilia kifo chake. Usikivu ule unahitaji kwanza umpende mtu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema New Spring ni mlango mzuri wa kuingilia kwa sababu ni nyembamba. Ukianzia hapa unapewa siri bila kujua kwamba ni siri. Kwa mfano, kuwepo kwa Ajah Nyeusi, wasaliti ndani ya mnara, ni jambo ambalo mfululizo mkuu unalifunua taratibu, kwa hofu, watu wakikataa hata kulitaja. Hapa linatolewa kama habari ya saa moja jioni.

Hadithi ya ndugu yangu haikuishia jikoni, hata hivyo. Aliendelea kusoma, polepole, hadi akafika mahali Moiraine anawatazama wale vijana watatu wakiwa wamelala kando ya moto. Mimi nilipopasoma mara ya kwanza niliona mwanamke anayepima mali yake. Yeye alikuja akasema, "Anahesabu. Anaangalia kama ni jina kwenye ile list."

Sikuwa nimewahi kuliona hilo, na kitabu nimekisoma mara tatu. Alikuwa amepoteza hofu, kweli. Lakini alikuwa amepata huruma ambayo mimi ilinichukua vitabu vitano kuifikia. Sijui nani kati yetu alisoma kitabu bora. Nikimwambia nilimharibia, ananiambia niache kujipa umuhimu.

Bado ushauri wangu ni huu. Soma The Eye of the World kwanza, uogope kama wanakijiji. Endelea mpaka The Fires of Heaven, kitabu cha tano. Sitasema kinachotokea humo, ila ukikifunga utataka kukaa na Moiraine kidogo. Hapo ndipo ufungue New Spring. Wengine wanasema fuata mpangilio wa uchapishaji, ukisome baada ya cha kumi. Inawezekana, lakini kufikia hapo utakuwa umechoka kama wale wa 2004, na uchovu wako utakilipisha kitabu dhambi za kingine.

Jordan alikuwa amepanga riwaya tangulizi mbili zaidi. Moja ingemhusu Tam al'Thor, na nyingine ingeeleza jinsi Moiraine na Lan walivyofika hadi kijiji cha Emond's Field. Alifariki Septemba 2007, mfululizo wenyewe ukiwa haujaisha. Brandon Sanderson ndiye aliyeumalizia kwa vitabu vitatu, cha mwisho Januari 2013. Zile mbili hazikuandikwa. Kwa hivyo miaka yote ya katikati, barabara zote walizopita Moiraine na Lan wakifuta jina baada ya jina, haipo. Tuna usiku walioanza na tuna asubuhi walipofika. Na Mei 2025 tamthilia nayo ikakatwa baada ya misimu mitatu, kwa hivyo hata Rosamund Pike hatatuonyesha.

Siku habari ile ilipotoka, ndugu yangu alinitumia ujumbe: "Wamekata. Imagine." Baadaye akaniuliza kama bado ninayo ile New Spring ya jalada lililokunjika. Nilimwambia aangalie chini ya kitanda chake. Iko huko hadi leo, amekataa kuirudisha, na juzi nimesikia kuna msichana wa darasa lake anataka kuiazima. Nimemwambia ampe kwanza lile tofali. Anasema atafikiria.